Chango, Gesi na Kilio cha Jioni: Tunajibu Barua Zenu

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu tumbo la mtoto mchanga. Muuguzi wetu wa kliniki ya watoto na mshauri wetu wa unyonyeshaji wamezijibu kwa pamoja.

Mwanangu wa kwanza ana wiki 5. Mchana hana neno, lakini ikifika saa 12 jioni analia mpaka saa 3, siku nyingine saa 4 usiku. Anakunja miguu, uso unamwiva, tumbo linakuwa gumu na anajamba sana. Namnyonyesha tu, simpi kitu kingine. Majirani wanasema ni chango, nimtafutie dawa. Nifanyeje?
*Mzazi mpya, Tanga*

Mama, anza na kadi ya kliniki. Mtoto wa umri huo huongezeka gramu 150 hadi 200 kwa wiki, na hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Ikiwa mstari wa uzito unapanda, mkojo ni wa kutosha, na mchana ananyonya vizuri na kukutazama, basi uwezekano wa njaa au ugonjwa ni mdogo. Kilio cha aina hii huanza karibu na wiki ya pili, hufika kileleni kwenye wiki ya 6, kisha hupungua chenyewe mpaka miezi 3 au 4. Mwanao yuko karibu na kilele, ndiyo maana unaona mambo yanazidi badala ya kupungua.

Gesi inalaumiwa kuliko inavyostahili. Mtoto anayelia humeza hewa, na hewa hiyo lazima itoke, kwa hiyo kujamba kwingi mara nyingi ni matokeo ya kilio, si chanzo chake. Tumbo nalo hukaza kwa sababu anapolia anabana misuli. Ndiyo sababu dawa ya gesi huwavunja moyo wazazi: inatibu kisichokuwa kiini cha tatizo. Hata hivyo hewa inayoingia pamoja na maziwa unaweza kuipunguza, na hapo ndipo pa kuweka nguvu zako.

Chunguza jinsi anavyoshika titi. Mlaze ubavu, tumbo lake liguse tumbo lako, na pua yake iwe mkabala na chuchu. Subiri afungue mdomo wazi kabisa ndipo umlete yeye kwenye titi. Usimpelekee titi yeye. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ugeuke nje, na weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Ukisikia mlio wa "ta, ta, ta" kama mtu anayebofya ulimi, au mashavu yanaingia ndani, anavuta hewa. Ingiza kidole chako safi pembeni mwa mdomo wake, mwachishe, umshikishe upya. Kama maziwa yanabubujika na kumpalia mwanzoni, yaache ya kwanza yamwagikie kwenye kitambaa, au nyonyesha ukiwa umeegemea nyuma ili ayavute yeye.

Kumcheulisha kuna mikao mitatu. Begani: kidevu chake kipite juu ya bega lako, na tumbo lake ligandamizwe kidogo na bega. Mapajani akiwa ameketi: kiganja kifuani, kidole gumba na cha shahada vishike taya, visiguse koo, na mwili uinamie mbele kidogo. Kifudifudi juu ya mapaja yako: kichwa kiwe juu kidogo kuliko kifua. Pigapiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa kama kijiko, au sugua kutoka kiunoni kwenda juu. Dakika 5 zinatosha. Hewa isipotoka, mlaze chali dakika moja kisha mnyanyue tena. Povu hubadili mahali na mara nyingi hutoka wakati huo. Ikishindikana, acha. Wanaonyonya titi hawana hewa ya kutoa kila mara, na kumsumbua nusu saa nzima kunamwongezea kilio.

Kuchua tumbo kufanyike nusu saa au zaidi baada ya kunyonya, ama sivyo atatapika. Pasha mikono joto kwa kuisugua na utumie matone machache tu ya mafuta ya nazi. Ukiwa umemwelekea, anzia chini ya tumbo upande wake wa kulia, panda hadi chini ya mbavu, vuka juu ya kitovu kwenda kushoto, shuka mpaka nyonga ya kushoto. Huo ndio mkondo wa utumbo mpana. Ukichua kinyume unarudisha hewa ilikotoka. Kisha kunja magoti yake taratibu yaguse tumbo, hesabu mpaka kumi, nyoosha. Rudia mara tano. Akikaza mwili na kulia zaidi, acha mara moja.

Usingoje kilio kianze. Saa 11 jioni mwogeshe maji ya vuguvugu (kiwiko chako kisihisi moto wala baridi), mweke kifuani ngozi kwa ngozi, punguza taa na sauti. Jioni watoto wengi hutaka kunyonya kila baada ya muda mfupi. Mpe. Haina maana kuwa maziwa yamekwisha, ingawa hapo ndipo akina mama wengi huambiwa waongeze kopo.

Hamjambo wajukuu. Mjukuu wangu ana miezi miwili na hajapata choo siku ya nne leo. Enzi zetu tulikuwa tunachonga kipande cha sabuni tunamwekea nyuma, choo kinatoka papo hapo. Mkwe wangu amekataa. Nani ana haki?
*Bibi, Morogoro*

Shikamoo bibi. Kwa hili mkwe ana haki. Mtoto anayenyonya titi pekee akishapita wiki ya 6 anaweza kukaa siku 7, hata 10, bila choo, kwa kuwa maziwa ya mama hubakiza takataka kidogo sana. Kinachotazamwa si idadi ya siku bali choo chenyewe kikija: kikiwa laini kama uji, huko si kufunga choo hata angechelewa wiki nzima.

Tena kuna watoto wanaojikamua, wanaguna na kulia dakika 10 au zaidi, halafu kinatoka choo laini. Hao hawajajifunza bado kusukuma tumbo na kulegeza njia kwa wakati mmoja. Wanajifunza wenyewe. Sabuni huchoma ngozi nyororo ya ndani na inaweza kuleta vidonda, na mtoto akizoea kusisimuliwa nyuma anachelewa kujifunza. Badala yake mkunjie miguu kama tulivyoeleza hapo juu, umchue tumbo. Ila kama choo ni kigumu mfano wa punje za mbuzi, kina damu, tumbo limevimba na limekaza hata akiwa ametulia, au hakupata choo cha kwanza ndani ya saa 24 tangu azaliwe, mpelekeni hospitali.

Nina mapacha wa wiki 9. Mama yao ananyonyesha lakini tunaongeza maziwa ya mkebe. Wote wawili wanajaa gesi baada ya chupa, wakinyonya titi hawana shida. Nimeongeza tundu la nipo (chuchu ya chupa) kwa sindano ya moto ili wasichoke kuvuta. Pia naweka unga kidogo zaidi ili washibe. Tatizo ni mkebe? Tubadilishe aina?
*Baba Mapacha, Eldoret*

Baba Mapacha, kabla ya kununua mkebe mwingine tupa hizo nipo. Tundu lililopanuliwa humwaga maziwa kwa kasi. Mtoto anagugumia ili asipaliwe na kila gugumio linabeba hewa. Pindua chupa: maziwa yatone tone moja moja, kama tone kwa sekunde. Yakichuruzika mfululizo, tundu ni kubwa. Yasipotoka kabisa, mtoto atavuta mpaka achoke na atameza hewa vilevile.

Jambo la pili ni unga. Kijiko kilicho ndani ya mkebe kimepimwa kwa ajili ya mkebe huo peke yake. Mikebe mingi ni kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, lakini ipo inayotofautiana, kwa hiyo soma. Jaza, sawazisha kwa mgongo wa kisu, usishindilie. Unga ukizidi, choo kinakuwa kigumu, mtoto anapata kiu, na chumvi mwilini mwake inaweza kupanda kiasi cha kumdhuru. Ukipungua, anadumaa. Kushiba kwake kusitafutwe kwa kuzidisha uzito wa maziwa.

Namna ya kutayarisha: Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo yaache yatokote dakika 3 nzima. Yaache yapoe, lakini si zaidi ya nusu saa, ili yawe bado na nyuzi 70 au zaidi unapoweka unga. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu, maana unga wenyewe wa mkebe si tasa. Maji yatangulie kwenye chupa, unga ufuate. Kisha zungusha chupa taratibu badala ya kuitikisa kwa nguvu. Ukitikisa unajaza mapovu, na mapovu hayo ndiyo unayomnywesha. Poza kwenye beseni la maji baridi, iache itulie dakika chache, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Yaliyotayarishwa yasikae nje zaidi ya saa 2, na masalio ya chupa aliyokwisha kuinywa yamwagwe.

Wakati wa kunywa mweke wima karibu na kuketi, chupa ilale karibu sambamba na sakafu, imeinuka kiasi tu cha maziwa kujaza nipo. Mpumzishe na kumcheulisha katikati ya chupa, si mwishoni tu. Kwa siku nzima kadiria mililita 150 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 4 anayelishwa maziwa ya mkebe pekee ni mililita 600, yaani karibu 75 kwa kila mlo wa milo minane. Hawa wenu wanaonyonya pia watahitaji pungufu ya hapo. Mtoto akigeuza uso, ameshiba, usimlazimishe amalize.

Na kuna kikombe. Kikombe kidogo kisicho na mfuniko husafishika kirahisi kuliko chupa, na mtoto hulamba kwa mwendo wake mwenyewe. Kinachosha mwanzoni, hasa kwa mapacha, lakini muulize muuguzi akuoneshe. Muulize pia kama mkebe unahitajika kweli: akina mama wengi wa mapacha huweza kuwatosheleza wote wawili kwa titi wakisaidiwa kuwashikisha pamoja.

Hapa kila nyumba ina yake: maji ya yansuni, maji ya bizari nyembamba, shamari, au gripe water. Mama mkwe ananiambia Waswahili na Waarabu wamelelewa hivyo na hawakufa. Mtoto wangu ana wiki 7. Kipi salama?
*Msomaji, Maskati*

Tukijibu kwa neno moja: titi. Chini ya miezi 6 tumbo la mtoto halihitaji maji ya kitu chochote, si yansuni, si maji ya sukari, si uji mwepesi. Kwanza yanachukua nafasi ya maziwa, kwani tumbo ni dogo na maji hayajengi mwili. Pili, usafi: kikombe, kijiko, maji na viungo vyenyewe huweza kubeba vijidudu vya kuhara. Tatu, hakuna kipimo. Mwenye kuchemsha kijiko kimoja na mwenye kuchemsha gao wote husema "maji ya yansuni". Jihadhari zaidi na kile kiungo cha pilau chenye umbo la nyota, kwa sababu kina ndugu yake wa Kijapani anayefanana naye sana na mwenye sumu. Viliwahi kuchanganyika sokoni na watoto wakapata degedege. Asali nayo ni mwiko kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hata ya kulambisha tu, kwa sababu huweza kubeba mbegu za bakteria wanaolegeza misuli ya mtoto hadi ya kupumulia.

Gripe water ilibuniwa Uingereza mwaka 1851 na William Woodward. Ya zamani ilikuwa na pombe, sukari, soda ya kuokea na mafuta ya mbegu za shibiti, na si ajabu mtoto alikuwa anatulia. Za leo nyingi hazina pombe, lakini michanganyiko hutofautiana kwa kila mtengenezaji, na hakuna ushahidi mzuri kuwa zinapunguza kilio. Matone ya simethikoni (dawa ya gesi) huunganisha mapovu madogo ili yatoke kirahisi. Ni salama kwa kipimo cha kwenye chupa, ila yalipojaribiwa dhidi ya maji matupu yenye ladha hayakushinda. Matone ya bakteria wazuri aina ya Lactobacillus reuteri yamepunguza kilio kwa watoto wanaonyonya titi katika tafiti kadhaa, si kwa wale wa maziwa ya kopo. Bei yake si ndogo, na ukiyataka pitia kwa daktari kwanza.

Zipo ambazo hatuna mjadala nazo. Sirapu ya kutuliza msokoto yenye daisaiklomini haifai chini ya miezi 6 kwa sababu imesimamisha pumzi za watoto. Sirapu ya mafua, ile ambayo wengine hutumia ili mtoto alale, usimpe kabisa.

Mama mkwe mwachie kazi ya kumchua tumbo jioni. Anaijua vizuri, pengine kutushinda sisi.

Nimekatazwa maharage, kabichi, karanga, maembe, na sasa chai ya maziwa, eti vinampa mtoto gesi kupitia titi. Nabaki na ndizi na chumvi. Mtoto ana miezi 2 na choo chake mara nyingine ni cha kijani chenye povu.
*Mama, Bukoba*

Kula maharage yako. Gesi ya maharage hutokea kwenye utumbo wako mpana, bakteria wanapochachusha kile usichoweza kumeng'enya. Haiingii kwenye damu ikawa mapovu, kwa hiyo haina njia ya kufika kwenye maziwa. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya alivyokula kabla ya ujauzito, na maharage ni protini iliyo karibu na mkono wako.

Kinachoweza kupita ni protini ya maziwa ya ng'ombe, na huwasumbua watoto wachache. Hao huwa na dalili nyingine: kamasi au nyuzi za damu kwenye choo, ukurutu, kutapika sana, uzito kusuasua. Kwa kilio peke yake hatukushauri uache maziwa. Dalili hizo zikiwepo, muone daktari, na huenda akakuambia uache maziwa, mtindi na jibini kwa wiki 2 hadi 4 kisha uvirudishe ili kuhakikisha. Bila kurudisha huwezi kujua kama ni maziwa au ni umri tu uliosogea. Kahawa nayo ipime: vikombe viwili vitatu kwa siku visizidi, maana mtoto mchanga huchukua siku kadhaa kuitoa mwilini.

Choo cha kijani chenye povu mara nyingi husema jambo jingine: unamhamisha titi mapema. Maziwa yanayotangulia ni mepesi na yana sukari nyingi kuliko mafuta; akinywa hayo kutoka matiti yote mawili, sukari hupita haraka hadi utumbo mpana na kuchacha huko, na hiyo ndiyo gesi. Mwache amalize titi moja mpaka aliachie mwenyewe, ndipo umpe la pili akitaka. Mlo unaofuata anza na lile alilolibakiza. Ukibana matiti kwa saa na kuyahesabia dakika, unarudisha tatizo.

Mimi ni yaya. Naachiwa mtoto wa miezi 2 na nusu kutoka asubuhi. Akianza kulia hanyamazi, na ninaogopa mwenye nyumba atasema namtesa. Nimshikeje?
*Dada, Mombasa*

Dada, jaribu kumlaza kifudifudi juu ya mkono wako wa kushoto: shavu karibu na kiwiko, tumbo juu ya kigasha, miguu ikining'inia pande mbili, na kiganja chako kikishika paja lake. Mkono wa kulia uweke mgongoni, tembea polepole. Uzito wake mwenyewe unakanda tumbo. Au mfunge kifuani kwa leso, miguu ikunjwe kama ya chura, uso wake uwe juu na uuone, kidevu kisigandamane na kifua. Mgongoni msubiri mpaka shingo ikaze vizuri. Sauti ya feni au ya maji ya bomba huwatuliza wengine. Akilala, mlaze chali, kamwe usimwache kifudifudi kitandani hata kama alitulia hivyo mkononi.

Ukiona hasira inakupanda, mlaze chali mahali asipoweza kuanguka, toka nje dakika 5 hadi 10, rudi. Kulia dakika kumi hakumdhuru. Kumtikisa kunaweza kumwua au kumpofusha kwa kumwaga damu ubongoni, hata kwa sekunde chache. Andika saa alizonyonya, alizolia na nepi alizolowesha, umpe mama yake kila jioni. Na mama mwenye nyumba akisoma hapa: mpe dada namba ya simu anayoweza kupiga mchana bila kuogopa.

Nitajuaje kwamba si gesi tena?
*Mzazi, Mwanza*

Nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kliniki, ukiona lolote kati ya haya: matapishi ya kijani au yenye damu, damu kwenye choo, hasa choo cha kamasi jekundu, joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, kwa mtoto ambaye hajafika miezi 2, kukataa kunyonya, kulegea au kuwa mgumu kuamka, kupumua kwa kasi, tumbo lililovimba na kukaza hata akiwa kimya, uvimbe mgumu kwenye kinena au korodani. Mtoto wa wiki 2 hadi 8 anayetapika kwa kurusha mbali kila baada ya kunyonya, kisha anadai tena kwa njaa, anaweza kuwa na njia ya kutokea tumboni iliyobana, na hiyo hutibiwa kwa upasuaji. Kilio kinachokuja kwa vipindi vya dakika chache, mtoto anapauka na kukunja miguu, kinapita, kisha kinarudi, huenda ni utumbo ulioingia ndani ya utumbo.

Kabla ya kutoka, mvue nguo zote umkague vidole vya mikono, vya miguu na uume: unywele au uzi wa soksi ukijizungusha hapo hukaza na kumliza kwa saa nyingi, na wazazi hudhani ni tumbo. Beba nepi yenye choo hicho ndani ya mfuko, rekodi kilio kwenye simu, na mwambie daktari kila kitu alichopewa, hata kile cha kienyeji alichopewa na bibi bila wewe kupenda.